Prosper Amejitaja Mutoto wa Mama Yako

Tata Kapinga,

Ni mi, Ngoie, bibi yako. Usitafute makosa ya kuandika. Mujukuu wako Mado alitaka kuniandikia na Kifaransa yake ya masomo, nikamukatalia. Masista balinifundisha myaka tatu, kisha baba akasema mutoto mwanamuke inamutosha. Basi ninaandika na ile myaka tatu, na utasoma vile vile. Hata barua yako ya uchumba ilijaa makosa, na nilikuja.

Nianze na ile yenye inaniunguza. Wimbo yako imepigwa. Ile "Masaa ya Chini", yote, kutoka mwanzo mpaka mwisho, na violons makumi ine nyuma yake. Na mwenye alisimama katikati na kuiimba ni Prosper. Ukae chini, kama kule kuko kiti, nikuelezee.

Kolwezi yenye uliacha haiko tena. Kompanyi ya shaba ilianguka sawa nyumba ya mchwa: inje inaonekana nzima, unagusa, mukono inaingia. Lopitali ikakosa dawa. Sirini ya asubui, ya kuita batu ku kazi, ikanyamaza, batu bakawa banaamuka na hawajui baamukie nini. Ile atelier ya umeme, pahali ulikuwa unatengeneza bafle, zile sanduku za sauti ya muziki, na mabati ya kazi, batu bakisema Tshibangu anaiba, na weye Tshibangu mwenyewe unasema unaazima, bameing'oa mpaka mulango. Sasa kuko kompanyi za bageni. Makamyo, malori makubwa, inapita muchana kutwa kwenda Fungurume, vumbi inaingia mpaka mu sahani ya bukari, mu ugali. Batu banachimba chini ya nyumba zao benyewe. Jirani yangu alitoboa salon yake, sebule nzima, akitafuta minerai, mawe ya shaba, sasa bibi yake anapokea bageni mu jikoni na anasema ni mutindo mupya. Mi nilimuambia bwana yake: ukitoboa mpaka kwangu, utakuta nakungojea na muchi.

Mado, mutoto wa Kapinga wetu, anapiga violon. Ndiyo, violon, ile ya kuweka chini ya kidevu na kupiga na upinde. Iko orkestra ya paroisse, ya kanisa yetu, hapa Manika, batoto ba masomo, na muwalimu wao ni mama moja mudogo wa kimo, kutoka Lubumbashi, mwenye anabaongoza na kafimbo, na banamuogopa kuliko mupadri. Mi nilizani ile kitu itamupita sawa homa. Haikupita. Vidole yake ni yako.

Siku moja naosha ndakala, bale samaki badogo, namusikia mu chumba anapiga kitu. Sahani ikanitoka mu mikono. Nikaingia na maji ya samaki mpaka mu kiwiko. "Mado, hii umetoa wapi?" Akasema: "Kambo, ni ya bale bazee ba Tanuru, bale ba rock ya zamani. Batapiga na orkestra yetu. Ni wimbo ya Papa Prosper." Akanionyesha karatasi. Kusoma kwangu ni kwa polepole lakini jina ya ule mutu naijua hata gizani. Chini kabisa baliandika kama ile maneno ya katikati ni luga ya kale ya bakambo ba Prosper, bababu zake.

Bakambo ba Prosper! Nilicheka mpaka Mado akaniletea kiti.

Nikukumbushe, juu labda kule batu banasahau. Mulikuwa batano mu Tanuru, kundi yenu ya muziki. Weye ku orgi, ile kinanda ya umeme, Prosper ku gitare na sauti, Jacques ku ngoma, na bale bawili benye Mungu alishabaita. Kolwezi yote ilitaka rumba. Nyiye muliskia sahani za muziki za bazungu ku cercle, klabu yao, mukapotea kichwa, mukaanza kupiga wimbo moja yenye inaanza maji ya bukari haijachemuka na inaisha bukari imeshaliwa. Batu banasimama, mikono mu mifuko, hakuna mwenye anajua aweke muguu wapi. Nilikuuliza: "Tata, hii inachezwa namna gani?" Ukanijibu: "Inachezwa na masikio." Nikasema basi masikio ikuletee sombe ya kula. Lakini nilikuwa nakuja kila mara. Nilikuwa nakaa mbele. Sikukuambia hata siku moja kama ilikuwa nzuri. Ningekuambia ungevimba, na mulango yetu ilikuwa mudogo.

Na katikati ya wimbo, pahali gitare inanyamaza, uliweka kasala ya kwenu. Kwenu Kasai, mutu anasimama mbele ya batu anataja mama mwenye alimuzaa, na mwenye alizaa ule mama, na mto yenye balivuka, mpaka kila mutu anajua huyu ni nani na anatoka mu tumbo gani. Na mwenye kuwa wa ile nyumba, akiisikia, lazima ajibu. Anaamuka, anapiga kigelegele, anakwenda kumupokea. Kasala yenye haina mwenye kuijibu ni haya ya nyumba nzima. Mama yako Tshibola alinifundisha mi, mutoto wa huku, nikiwa na mimba ya Kapinga, tukitwanga pamoja. Alisema: "Bibi ya mutoto wangu mwenye hajui kunijibu, ni mugeni mwenye analala kwangu." Nikajifunza. Nilikosea, alinipiga na mwiko, nikajifunza tena.

Benzako ba Tanuru hawakuuliza hata mara moja ile maneno inasema nini. Uliwaambia "ni mama yangu", ikabatosha. Prosper alikamata sauti yake tu, sawa vile tulikamata Kilatini ku misa.

Kisha ikafika ile mwaka.

Batu ba kwetu, nasema ba kwetu, sitabaficha, balisema Bakasai bote barudi kwao. Kwao wapi? Weye ulizaliwa mu lopitali ya kompanyi hapa hapa Kolwezi! Baba yako aliletwa na treni kuchimba shaba yao, alikoholea mu shimo yao mpaka akafa. Lakini shaba ilianza kukosa, mushahara ikakosa, na tumbo ya njaa inatafuta mutu wa kumeza. Asubui ile tulikuwa tunakunywa chai. Nilisikia mulango ya lupango, ya kiwanja yetu, inasukumwa, nikatoka, nikakuta bakijana na fimbo, na mbele yao Prosper. Prosper mwenye alikula sombe yangu tangu hana ndevu!

Hakukunyanyulia mukono. Hiyo namuachia. Alifanya yenye kupita hiyo kwa ubaya: aliongea na upole. "Tshibangu, ndugu yangu, toka muzuri, bitu bisiharibike. Orgi ibakie, ni ya kundi. Kaye ya nyimbo pia." Akaikunja kaye yako, ile daftari, akaiingiza mu shati, ku tumbo, sawa mutu anaficha mukate. Weye ulimuangalia tu. Mpaka leo nakukasirikia kwa ile kumuangalia. Ungemupiga hata kofi moja, ningekuwa nayo ya kukumbuka.

Kisha akanigeukia mi: "Mama Ngoie, weye uko mutoto wa huku. Bakia." Nikamutemea mate. Ilianguka ku kiatu. Najuta sana, nilikuwa nalenga uso.

Ku gare ya treni unajua, ulikuwepo. Zile siku zote kulala chini ya mvua, ku simenti, mikoba na batoto na bazee, treni haikuji, tumbo za batu zikaharibika, na yako pia. Yenye haujui ni ile ya kisha. Ulikufa asubui, tulishapita Tenke, kichwa yako ku magoti yangu, Kapinga amelala ku mugongo. Treni ilisimama kidogo juu mashini ilichoka. Batu bawili benye sikuuliza majina balinisaidia, tukachimba na masahani ya kulia. Bulongo ilikuwa ngumu. Hakuna padri, hakuna ndugu yako hata moja, hakuna matanga. Nikafungua mudomo nikutajie kasala yako, filimbi ikapiga, batu bakanivuta mu wagon na mikono. Mudomo yangu ikafunga na kasala ndani. Ku gare ya mbele nikashuka na mutoto, nikangojea treni ya kurudi. Sikufika kwa mama yako, kule Kasai pahali alirudia baba yako akishakufa. Niliogopa kufika na mikono mitupu. Hiyo ni zambi yangu, nitaijibia mi mwenyewe kwake, usiniteteye.

Kwenu mutu mwenye hakuliliwa na ndugu yake, matanga yake haiishe. Nilijua hiyo. Nilikaa nayo myaka hii yote. Kila nikipita mbele ya nyumba ya Prosper nilikuwa nakohoa kwa nguvu, ajue kama niko muzima.

Na yee amekuwa muzee wa heshima, Tata Kapinga! Banamuita ku mandoa, ku radio. Ana nywele nyeupe mingi, ndefu mpaka ku shingo, anaichana sawa bibi-arusi. Orgi yako aliipiga mpaka ikafa, kisha Tanuru ikanyamaza myaka mingi, courant, umeme, haiko, bafle imeharibika. Mpaka hawa batoto ba orkestra bakapata kaseti fulani ya zamani, bakasema hii ni muziki ya kwetu, tuipige na violons. Njo vile ilirudi.

Mado alijua nafikiri nini. Akanipigia magoti: "Kambo, nakuomba, usilete haya. Ni konsere yangu ya kwanza." Nilipiga pasi kitenge yangu nyeusi.

Siku ya Mungu, jumapili, kisha ya misa, sale, ukumbi ya paroisse, ikajaa mpaka batu bakakaa mu madirisha. Nilikaa mbele, sawa zamani. Bakaingia batoto na violons zao, shati nyeupe. Bakaingia Tanuru ya sasa, bazee batatu: Prosper na nywele yake, mutu fulani wa bass mwenye sijui, na Jacques, amenenepa, anashikwa mukono mpaka ku ngoma zake. Mama mudogo akanyanyua kafimbo.

Nikuambie ukweli, juu sijakudanganya hata ulipokuwa unakufa. Ilikuwa nzuri. Ile mwanzo yako, pahali ulikuwa unafanya na orgi sauti ya cage, ile kizimba ya kushusha bachimbaji, inashuka mu shimo, violons bakaifanya bote pamoja, polepole, chini, chini zaidi. Mwanamuke moja kando yangu akakamata kiti. Na ngoma ya Jacques inagonga sawa nyundo ya mbali. Nilikuwa nataka iwe mbaya! Nilikuja na kasirani yangu imeiva, na ile muziki inaniliza mbele ya batu. Hiyo nayo nikaiweka juu ya kichwa ya Prosper.

Kisha gitare ikanyamaza. Violons bakashika sauti moja tu, nyembamba. Prosper akafunga macho, mukono ku kifua, akaanza ile luga ya kale ya bakambo bake: "Ndi muana wa Tshibola." Maana yake: mimi ni mutoto wa Tshibola. Akamutaja mama ya Tshibola. Akataja kambo mwenye alivuka mto na mutoto ku mugongo. Akataja bote, kwa majina, bila kuruka hata moja, ule mwizi! Mu sale, hapa na pale, naona batu banaangaliana. Bakasai benye balirudi, bazee benye balijificha. Hakuna mwenye anaamuka. Banaogopa bado.

Basi nikaamuka mi.

Nikapiga kigelegele yenye nilimeza ku reli. Ilikuwa imekaa sana mu mwili, ilitoka nzima. Nikapita katikati ya biti na kucheza, vile mama yako alinifundisha, hatua kwa hatua, kitenge nyeusi na magonjwa yangu ya magoti, na najibu kila jina: ni wetu! ni wetu! Mama mudogo wa kafimbo alizani ni sehemu ya konsere. Akawapa alama batoto baendelee. Violons makumi ine bakashika ile sauti moja, bakashika, na Mado kati yao amefunga macho kabisa.

Nikapanda ku jukwaa. Prosper alifungua macho akanikuta.

Nikasema, na mikro yake ya kusemea ilikuwa karibu, ikasaidia: "Karibu nyumbani, shemeji! Batu ba Kolwezi, mumesikia? Huyu Prosper amejitaja na mudomo yake mwenyewe. Ni Mukasai. Ni mutoto wa Tshibola, mama mukwe wangu. Ni ndugu wa tumbo moja na bwana wangu Tshibangu, ule Prosper huyu alimutoa mu nyumba na fimbo na kumunyanganya hii wimbo. Ile mwaka ulisema Bakasai bote bapande treni, Prosper. Sasa yako inapita saa ngapi?"

Sale ikapasuka. Kwanza bakacheka bale benye balirudi, kicheko ya mutu mwenye alifungwa kinywa, kisha bote, mpaka ku madirisha. Moja akapaza sauti: "Apewe mukoba!" Mwingine: "Shemeji, usisahau mukeka!" Prosper akavuta mikro yake. Akaanza kusema eti ni luga ya kwao, ya zamani. Nikamuambia basi atafsiri. Atafsiri neno moja tu.

Njo pale Jacques alitupa fimbo zake chini. Ule Jacques mwenye haongeake hata neno moja! Akasema: "Ni ya Tshibangu. Yote, kutoka mwanzo. Tulijua shiye bote." Akalia sawa mutoto, akashindwa kuinuka ku kiti. Violons bakanyamaza.

Nikamalizia nayo, juu sikuja kucheka tu. Nikasema: "Weye umejitaja ndugu yake, hakuna mwenye alikulazimisha. Kazi ya ndugu unaijua. Ndugu yako amekufa ku reli na hajaliliwa. Nakungojea kwangu." Nikashuka. Mado hakuniongelesha siku tatu. Siku ya ine aliniletea karatasi mupya ya konsere, jina imebadilishwa, ni yako. Aliibandika ku ukuta yeye mwenyewe.

Prosper alikuja. Nilijua atakuja: kila pahali alipita, hata ku mulango ya kanisa, batu banamuuliza saa ya treni. Alikuja na kaye yako, akapiga magoti mu lupango, ile ile pahali alisimama na bakijana bake. Akasema: "Mama Ngoie, unisamehe. Tulikuwa bakijana. Ilikuwa politiki." Nikamuuliza: "Politiki njo ilikuwa na ile shati yenye uliingiza kaye?" Akainamisha kichwa. Aliinamisha vizuri, nikaona shingo yake yote.

Kwenu, ndugu wa mufu ananyolewa. Nikaleta wembe. Sikuchagua mupya, Tata Kapinga. Nilichukua ile ya kukatia kucha. Nikamukalisha chini ku bulongo, bila mukeka, majirani bakajaa ku mulango, nikamunyoa mi mwenyewe. Pahali ilikataa, nikavuta. Ile nywele yote ya bibi-arusi ikaanguka ku magoti yake. Alilia. Sijui alikulilia weye au alililia nywele, na sikumuuliza. Kisha alilala inje, ku bulongo, siku saba, vile inatakiwa kwa ndugu, na mi nilimupelekea bukari bila mboga. Jacques alikuja kukaa naye. Baliongea mambo yenu ya zamani, nilisikia banacheka mara moja, nikatoka nikabanyamazisha.

Batu banasema: Mama Ngoie, sasa umusamehe, amezeeka. Mupadri pia alisema. Nikamuambia mupadri: nitasamehe kisha ya kumaliza. Sijamaliza.

Juu iko moja imebakia, na hiyo njo ahadi yangu kwako. Pahali tulikuzika siijui tena. Nilifikiri nitakumbuka, iko muti, iko kilima, lakini miti balikata bachome makala, na kilima Mungu alitupa mingi kule. Mvua ikiisha tutakwenda Tenke, mi na Prosper. Atashuka ku reli, atatembea na miguu, kichwa yake wazi ku jua, na kila pahali nitamuambia simama, atasimama ataimba kasala ya mama yako, yote, bila kuruka jina, mpaka mi nisikie mu miguu kama ni hapa. Na kama haiko pale, tunakwenda mbele. Nimemufundisha sasa maana ya kila neno, hatasema tena hajui anasema nini.

Ulale vizuri bwana wangu, mwenye masikio mikubwa. Siku moja utasikia sauti ya muzee, kavu, inataja Tshibola juu ya kichwa yako. Ni yee. Mi niko nyuma yake. Nakuomba kitu moja tu: usimujibu mara ya kwanza. Wala ya pili. Umuache atembee.

Bibi yako,
Ngoie